Pampu Niliyompelekea Mama Majoreni

Tangu nirudi, kila nikipita jikoni kwa wafanyakazi kuna mtu hunishika mkono. "Bakari, pampu ilifika?" Nikijibu kuwa ilifika, huuliza kama inafanya kazi. Nikijibu kuwa inafanya, huuliza basi nilikuwa nimekwama wapi siku zote zile, na mbona fundi Mutua amerudi na tabia ya kuionja chai kwa ncha ya ulimi kabla hajainywa. Nimechoka kuisimulia vipande vipande, leo mlango, kesho dirisha. Naiandika nyumba nzima, na atakayeniuliza tena nitampa karatasi.

Kwa wale wageni katika nyinyi, mimi ndiye mtu wa bwawa. Kazi yangu hapa Diani ni kulitunza bwawa la kuogelea la hoteli: kulijaza, kulichuja, kuokota majani, na kumsikiliza mgeni akilalamika kuwa maji ni ya baridi, hali bahari yenye joto lake imelala nyuma ya mgongo wake. Mutua ni fundi wa mitambo wa hapa hapa, Mkamba wa Kitui, Mkristo wa kuamka na mapema Jumapili, mtu mkimya mpaka aguswe tumbo.

Mama yangu, Bi Mwanamisi, alifia kwetu Majoreni kabla ya zile mvua kubwa za El Nino zilizokula madaraja. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kucheka, na viganja vyake vilikuwa na sugu za kamba. Kisima cha msikiti kiko mbele ya nyumba yetu, na tangu nipate akili nilimwona akiteka pale, ndoo baada ya ndoo, kujaza birika, lile tangi la saruji ambalo wanaume hutilia udhu. Hakuna aliyemwajiri. Alianza mwenyewe, akaendelea mwenyewe. Mimi nilikuwa nikimwambia, "Mama, nikipata kazi nitakuletea mashine upumzike." Naye hunijibu, "Ilete, mwanangu, nikipumzika nitakuwa nikifanya nini?"

Hakuwahi kuiona. Nilipoweza, nikanunua pampu ya petroli iwe sadaka jariya yake. Kwa msiokuwa Waislamu, maana yake ni hii: mtu akifa matendo yake hukatika, isipokuwa machache, na mojawapo ni sadaka inayoendelea kuwafaa watu nyuma yake. Kila atakayetawadha kwa maji ya pampu ile, mama angepata thawabu kaburini. Pampu ikikaa bila kazi, mama hapati kitu. Hilo ndilo nililokuwa nalo kichwani safari nzima, na msiposhika hilo hamtaelewa kwa nini nilifanya niliyoyafanya. Nilitaka ile mikono ipumzike, hata kama ilikwisha kupumzika.

Ukunda hadi Msambweni, pamoja na nyanya

Tulipata lifti ya pikapu ya Mama Wambui, anayeuza mboga kwa mahoteli na kwa watu wa hospitali. Alituangalia, akaiangalia pampu.

"Nafasi iko," alisema, "lakini hiyo jenereta mkae nayo mbali na nyanya zangu."

"Si jenereta, mama. Ni pampu ya maji."

"Ni ya shamba?"

"Ni ya msikiti. Sadaka ya mama yangu."

Akasogeza kikapu kimoja. "Basi Mungu amrehemu. Panda huko nyuma. Lakini nyanya ni nyanya."

Kwa mwendo wa Mama Wambui, Msambweni ni nchi ya mbali. Alisimama kwa kila aliyeinua mkono, na kwa wengine ambao hawakuinua. Alibishana juu ya fungu la sukumawiki mpaka mnunuzi akasahau alilolitaka. Mutua alikuwa ameketi juu ya gunia la vitunguu akiishika pampu kwa magoti yake, na kila tulipoingia shimo alisema "Pole" kwa pampu, si kwangu.

Msambweni tulishukia kwa Bi Zuhura, mwenye hoteli ndogo ya mahamri karibu na sokoni. Mbaazi zake za nazi zilikuwa nzito, za kuganda kijikoni. Mutua alikula sahani, akaomba nyingine, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli watu wa pwani hula hivi kila siku au ni kwa sababu ya wageni. Nilimwambia ni kila siku, ndiyo maana hatuna haraka.

Kijana mmoja mwenye ndevu nzuri na kanzu iliyopigwa pasi aliiona pampu. Alifurahi sana.

"Mashallah. Utaweka mifereji mingapi?"

"Minne."

"Weka kumi, ndugu yangu. Dini yetu ni usafi. Tumeachwa nyuma mno, watu bado wanachota kwa kata kama enzi za mababu."

Bi Zuhura alikuwa akigeuza mahamri kwenye karai, hakuinua uso. "Dini ni usafi, kweli. Lakini jana ulitia udhu hapo uani kwangu kwa ndoo nzima, mpaka bata wangu wakadhani masika yamerudi."

"Bi Zuhura, nilikuwa nikikamilisha udhu wangu."

"Ukiukamilisha mara nyingine utanikamilisha na mimi. Chuo cha Kurani tulifunzwa kuwa hata ukiwa ukingoni mwa mto usifanye israfu ya maji."

"Mto hauishi, Bi Zuhura."

"Mto hauishi, mwanangu. Anayeisha ni wewe."

Watu wakacheka, na kijana naye akacheka, maana alikuwa kijana mzuri. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa kuwa halikuwa likinihusu. Ndivyo nilivyodhani.

Tulimuuliza Bi Zuhura habari za gari la Majoreni. Alitazama juu ya bega langu, upande wa mnazi. "Litapita, inshallah," akasema.

Mutua alivua viatu na kujinyoosha kwenye benchi, mtu aliyekwisha kuahidiwa. Ilinibidi nimfundishe. Nilimwambia kuwa inshallah ni neno tukufu na kila jambo liko mikononi mwa Mungu, lakini wewe fundi utazame macho. Mtu akikwambia inshallah huku anakuangalia usoni, funga mizigo. Akikwambia huku anaangalia mnazi, tafuta pa kulala. Sisi kumwambia mtu "hapana" mbele ya uso wake ni aibu, kwa hiyo tunamwachia Mola aseme kwa niaba yetu.

"Kwetu mtu husema tu hapana," alisema Mutua.

"Ndiyo maana kwenu watu hugombana."

"Na kwenu watu hungoja."

Tulingoja. Gari la Majoreni halikupita.

Msambweni hadi Bodo, ambako hatukuwa tukienda

Asubuhi yake lilipita lori la barafu linalokwenda Bodo kuchukua samaki. Dereva alitwambia barabara ya mbele, kule kwenye mto, ilikuwa bado ni tope la kumeza magurudumu, na kwamba Bodo tutapata boti ya mashine ya kutufikisha Majoreni. Alisema inshallah akinitazama usoni, nikampa ishara Mutua apakie.

Bodo tulipokewa na shemeji yake dereva, Bi Fatuma, mjane mwenye mdomo mchangamfu. Boti ilikuwa imekwenda Shimoni, itarudi. Akatuandalia wali na pweza wa nazi. Mutua aliutazama mchuzi kwa muda.

"Huyu alikuwa na miguu mingapi?"

"Minane," alisema Bi Fatuma.

"Kwetu ikipita minne tunamwachia aende."

Alikula lakini. Baada ya tonge la tatu hakuuliza tena habari ya miguu.

Bi Fatuma alitaka kujua kazi yangu. Nikamweleza bwawa. Alinisikiliza kwa adabu, mkono kidevuni.

"Kwa hivyo wageni hao huogelea kwenye maji matamu."

"Ndiyo, mama."

"Na bahari iko mbali?"

"Iko hapo hapo. Ukirusha ndala inaanguka majini."

"Ina ugonjwa?"

"Haina. Hawapendi mwani. Na mchanga."

"Ehe. Na hayo maji wakimaliza kuogelea, hupewa nani?"

"Hapewi mtu, yana dawa. Hubadilishwa."

Akanisogezea sahani. "Haya, kula, mwanangu. Kila mtu na riziki yake." Nawaambieni, nimetukanwa na wageni wa mataifa mengi kwenye bwawa lile, lakini hakuna aliyenichoma kama yule mama kwa kunionea huruma.

Alasiri akaja mwalimu wa madrasa ya pale, mtu mpole aliyezunguka maneno mpaka kichwa kikaniuma. Aliuliza hali ya baba, ambaye hamjui, na ya Diani yote. Mwishowe shida ikatoka: tangu mvua zile kisima cha madrasa kilikuwa kimejaa maji ya mafuriko, tope na kila uchafu, na watu hawakuweza kukimaliza kwa ndoo. Wanafunzi walikuwa wakinywa kwa majirani.

Mimi nilisita. Pampu ilikuwa na nia yake, na nia ilikuwa ni Majoreni. Sikutaka thawabu za mama zianze kumwagika njiani. Mutua alikuwa amekwisha kufunga mpira wa maji. "Bakari, mama yako atakataa?" aliuliza. Nikamshikia mwisho wa mpira.

Pampu ilinguruma mpaka kuku wa Bodo wote wakahama. Ilivuta tope na majani, ikafichua kiatu kimoja na nyoka aliyekufa zamani. Wanaume wakashuka kukisafisha kisima, wakapokezana, na walipomaliza tukaona maji mapya yakitoka pembeni polepole, meupe. Mwalimu aliinua mikono, akamwombea dua Mwanamisi, mwanamke asiyepata kumwona, kwa jina lake na la baba yake. Nililia kidogo. Mutua alijifanya anaangalia mtambo.

Kesho yake tulipokuwa tukiondoka, mwalimu aliipapasa pampu kama mtu anayeaga mbuzi wake. "Mkipita tena, inshallah," alisema, na alikuwa akinitazama machoni.

Bodo hadi Majoreni, Mutua akiwa amekumbatia chuma

Mutua hajui kuogelea, naye alidhani boti ikizama atajiokoa kwa kushika pampu. Nilijaribu kumweleza kuwa ni chuma. Alisema angalau ni chuma anachokijua.

Tulipita mikokoni, na pahala pengi palikuwa visiki vitupu. Mwenye boti aliniuliza kama nafanya kazi Diani. Nikasema ndiyo. Akaelekeza visiki kwa kidevu. "Hawa ni majirani zako. Walikwenda kusimamisha baa za huko." Nilikumbuka zile nguzo nzuri za boriti za mkoko karibu na bwawa, ninazoegemea kila jioni nikivua viatu. Yeye hakuongeza neno, kwa sababu ni mtu wa adabu na nauli yangu alikuwa hajaipokea.

Majoreni: kesho, inshallah

Nilipokewa kwa namna ambayo mtu anaweza kujiona bwana harusi. Mama mdogo Mishi, mdogo wake mama, alinikumbatia, akalia, akacheka, akamtazama Mutua kutoka chini hadi juu. "Na huyu mrefu ni nani?"

"Shikamoo, mama," alisema Mutua. Nilimfundisha kwenye boti.

"Marahaba, mwanangu. Ewe Bakari, huyu ameshiba adabu kuliko wewe."

Maalim Shee, imamu wetu, alikuja na wazee wa msikiti kuiona pampu. Waliizunguka. Waliigusa. Walimrehemu mama, mmoja mmoja. Nikawaeleza mifereji minne, mtu anafungua maji yanakuja, hakuna kuteka tena.

"Alhamdulillahi," alisema Maalim. "Umefanya jambo la mtoto mwema. Tutaifunga, inshallah."

Alikuwa akiangalia paa la msikiti.

Mutua akafungua sanduku lake la spana. Mimi nikamwelekezea lile paa kwa kidevu.

Kesho yake hatukuifunga kwa kuwa kulikuwa na matanga upande wa pili wa kijiji. Siku iliyofuata kulikuwa na maulidi ya mtoto, na hatuwezi kufanya kelele. Baadaye mwenye ufunguo wa stoo ya msikiti akawa ameenda Vanga. Kila sababu ililetwa na sinia: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mikate ya mofa, viazi vya rojo. Mutua alilegeza mshipi. Aliniambia hajapata kuona mahali wanapomzuia fundi asifanye kazi kwa kumlisha.

Kitu kimoja nilikiona na sikukielewa. Kila asubuhi aliyekuja kujaza birika alikuwa mtu mwingine. Siku moja alikuwa muuza samaki, siku nyingine mke wa muadhini, siku nyingine Kombo, fundi wa cherehani, ambaye tangu tukiwa watoto hajapata kuinua kitu kizito kuliko mkasi. Alikuwa akivuta kamba huku akihema kama mtu anayepanda mnazi.

"Vumilia, Kombo," nilimtania. "Mashine yaja kukupumzisha."

Kombo alitabasamu, akaangalia juu ya bega langu. "Inshallah," akasema.

Kwa kweli nilianza kuudhika. Niliona wananidharau. Niliona kuwa kwa sababu nafanya kazi kwenye hoteli wanafikiri pampu yangu imetoka kwenye pombe. Nilimwambia mama mdogo maneno hayo, kwa sauti ambayo mama angekuwa hai angenipiga kofi. Akanishika shavu. "Si hivyo, mwanangu. Kula kwanza." Na mimi, kila siku iliyopita, nilikuwa nikihesabu kuwa mama amelala na mkono mtupu.

Chai ya Majoreni

Basi asubuhi moja, watu walipotawanyika baada ya sala ya alfajiri, nikamwamsha Mutua. Nilimwambia tuifunge tu. Wakiona maji yanamiminika watafurahi, watu hawajui wanalolitaka mpaka walione. Ni maneno ya meneja wetu hayo, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Tulishusha mpira kisimani, tukaiwasha pampu. Ndugu zangu, ilikuwa inapendeza. Birika ambalo mama alilijaza kwa asubuhi nzima lilijaa nikiwa sijamaliza kusema bismillahi vizuri. Tukajaza mapipa ya msikiti. Tukajaza mitungi ya majirani. Nilipoona bado inanguruma nikamwagilia na michungwa ya mama, nikaosha na ukumbi wa msikiti mpaka sakafu ikang'aa. Mutua alisema, "Bakari, imeanza kuvuta hewa." Nikamwambia aushushe mpira zaidi. Akaushusha.

Adhuhuri watu walikuja kusali. Kila mmoja alichota, akasukutua, akatulia kidogo, akatema taratibu. Mzee mmoja alisema, "Mashallah, maji mengi." Mwingine akasema, "Mengi kweli." Maalim Shee, baada ya sala, alitoa darasa fupi la kutukumbusha kuwa maji ya bahari ni tahara na udhu wake unasihi bila wasiwasi. Nilishangaa kwa nini amechagua mada ile.

Alasiri tuliketi barazani kwa mama mdogo, na chai ikaletwa. Maalim alikunywa. Kombo alikunywa. Muuza samaki alikunywa, akasema imekolea iliki. Mimi nikainywa, nikaiacha mdomoni, sikujua niipeleke wapi. Ilikuwa ni chumvi. Nawaambia ilikuwa chai ya kupikia muhogo. Nikawatazama wale watu wazima wakipiga mafunda na nyuso za utulivu, nikameza.

Mutua hakulelewa hivyo. Aliitema uani, ikaruka mpaka kwenye mgomba. "Nani ametia chumvi kwa chai?"

Pale barazani kila mtu aligundua ana kazi nyumbani kwake.

Mutua alikwenda kisimani, akachota, akaonja, akarudi polepole. Alisema mambo yale yale ambayo mtu yeyote wa Majoreni angenieleza kama ningeuliza, na ambayo mimi mwenyewe nilizaliwa nikiyajua: kwamba maji matamu ya pwani yamekaa juu ya maji ya chumvi, na ukivuta kwa pupa, ya chini huja juu. "Huko Kitui tunachimba mchanga wa mto, tunangoja kikombe kijae," alisema. "Hata mimi najua kungoja maji. Ni haya ya hoteli yamenisahaulisha." Sikupata kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

Nikaketi ukingoni mwa kisima cha mama. Nilikuwa nimemletea sadaka, na sadaka imewanywesha watu wake chumvi. Mama mdogo Mishi akaja akaketi karibu nami, akajifunga leso vizuri, mtu anayejiandaa kuvunja kitu.

"Tuliapizana tusikwambie," alisema. "Lakini sasa nikinyamaza nitapata dhambi."

"Kuniambia nini?"

"Mama yako alipozikwa, jioni ile ile watu walikuja kutawadha, birika tupu. Hakuna aliyekumbuka. Siku zote lilikuwa limejaa, sisi tukadhani hujaa lenyewe. Maalim akalia. Basi tukagawana siku. Kila nyumba na siku yake. Na anayeteka, kila ndoo anasema moyoni: Ya Rabi, thawabu ya maji haya ni ya Mwanamisi."

Nikaishika kamba ya kisima.

"Tangu siku ile birika halijalala tupu, Bakari. Hata mvua zile, watu wakipita maji ya magotini. Kombo na kifua chake kile. Sasa wewe ukaja na mashine, kwa ajili ya mama yako huyo huyo. Tukuambieje? Sadaka ya siri ukiitangaza imebaki nini? Na sadaka ya mtoto kwa mama yake, nani ana uso wa kuirudisha? Tukasema tumlishe tu. Atashiba, atakumbuka kazi yake, atakwenda."

Nilicheka na kulia pamoja, na kamasi zikanitoka, na mama mdogo akanifuta kwa leso yake kama zamani. Nilikuwa nimekuja kumpumzisha maiti, kumbe kijiji kizima kilikuwa kinamfanyia kazi. Kama wangeifunga ile mifereji yangu minne, siku ya kwanza tu watu wangeanza kufungua na kufunga bila kumkumbuka mtu, na mama angekufa mara ya pili.

Kisima ilibidi kiachwe kipumzike mpaka maji matamu yarudi juu. Asubuhi iliyofuata ilikuwa ni zamu ya nyumba nyingine, nikamwona yule mke wa muadhini akitoka kisima cha mbali, kule kwenye minazi, na ndoo kichwani, kwa sababu yangu. Nilimkimbilia nikaipokea. Hakutaka kunipa. Nilimwambia mimi ni mwanawe Mwanamisi, akaniachia.

Ndoo nikazibeba siku zile zote, mimi na Mutua. Viganja vyangu vya kushika kijiti cha kuokotea majani vilichunika siku ya kwanza. Mutua aliniuliza yeye aseme nini moyoni, maana dua yetu haijui. Nilimwuliza Maalim. Maalim alifikiri, akasema, "Mwambie ataje jina lake tu. Mungu anamjua Mwanamisi yupi." Basi ukimwona yule Mkamba njiani na ndoo, midomo yake ilikuwa ikicheza.

Siku maji yalipotakata, Maalim aliyaonja wa kwanza, akanipa kata. Nikanywa. Nami nikamwomba anipe siku yangu katika zamu. Alinitazama usoni.

"Siku yako ni kila siku utakayokuja. Inshallah."

Kurudi

Pampu iko Bodo. Tuliishusha kwa mwalimu yule wa madrasa, aikodolee macho bila haya sasa, kwa sharti kuwa ni ya kukausha visima vilivyoingiwa na mafuriko, hapo na vijiji vya jirani, wala si ya kuvuta maji matamu. Alikubali kabla sijamaliza. Bi Fatuma alitupikia tena pweza, na Mutua aliomba miguu. Msambweni Bi Zuhura aliuliza mifereji imekuwa mingapi, nikamwambia hata mmoja, akaniongezea hamri bila kuuliza zaidi. Mama Wambui aliturudisha Ukunda juu ya viazi.

Na mimi niko hapa bwawani, nachuja. Msinitazamie nimekuwa walii. Nakula mshahara wa maji yale yale, na nguzo zile za boriti bado naziegemea, ila siku hizi wakati wa kuvua viatu husimama mwenyewe.

Limebaki lile mnalolinong'ona. Mlangoni mwa chumba chetu cha kusalia, nyuma ya chumba cha dobi, kuna ndoo na kata. Mlizoea kuikuta tupu na kugombana nani aende mferejini. Sasa mnaikuta imejaa kila mara, na mmeanza kuulizana ni nani. Siku nyingine ni mimi, na kwa kuwaandikia nimekwisha kuiharibu sadaka yangu, basi hesabuni ilikuwa ya mama tangu mwanzo. Lakini kuna siku nafika mapema naikuta imeshajaa, na kwenye saruji kuna nyayo mbichi za buti kubwa la fundi mmoja ambaye hasali mle.

Sijamuuliza. Nanyi msimuulize.

Mkimaliza udhu, jazeni.